Mpera wa Ng'ambo ya Mto

Kilakala, Morogoro
14 Januari 2025

Mke wangu mpenzi, Bibi Mwanahawa,

Shikamoo. Najua umeijibu kwa sauti, huku unamtazama Dada Pili wa ndizi aliyekuletea barua, ili naye asikie kwamba mjukuu wako ana adabu.

Mimi ni mzima isipokuwa mdomo. Mama huko Turiani hajambo. Anasema yule kuku uliyempa ametotoa, vifaranga wote wana tabia zako, hawashauriki.

Sasa unajiuliza: huyu mtoto ana simu kubwa kama sinia, karatasi ya nini? Bibi, siwezi kuongea. Nina vidonda mdomoni, kwenye fizi, kwenye ulimi, na hapa kwenye mdomo wa juu penyewe, pale tarumbeta linapokaa. Nikitamka jina lako chozi linatoka. Nikikupigia utasikia mguno tu, utadhani nimekabwa, utapanda gari la ndizi uje. Na ujumbe wa simu hutaki kuusoma, unasema herufi zake ni sisimizi. Basi nimenunua daftari kama mwanafunzi.

Zahanati nilikwenda. Wakaniangalia, wakanipa dawa ya kupaka, wakasema si ugonjwa mbaya, ni kuungua, kutapona nikiacha kupuliza. Usiniulize nimeungua na nini. Ni chai. Niliinywa ya moto.

Shida yangu ni hii. Unajua mimi ndiye mpuliza tarumbeta la mbele katika Chereko Bendi. Tarumbeta si langu, ni la kikundi, na Mikaeli kiongozi wetu hana mchezo. Kwa sasa amempa Erick. Bibi, Erick akipuliza, mbuzi wa mtaa mzima wanaitika! Mimi nimepewa matoazi. Jumamosi nimeyagonga mapema, bibi harusi akaruka, shela likabaki mlangoni. Mikaeli amenipa neno lake la mwisho: harusi zitasimama Ramadhani, na zikirudi Mfungo Mosi, kama siwezi kupuliza, tarumbeta ni la Erick moja kwa moja. Bila lile tarumbeta mimi ni nani mjini hapa? Kijana wa kubeba ngoma tu. Naumia, Bibi, si mdomo peke yake.

Nakumbuka nilipokuwa darasa la tatu nilipata vidonda vya ulimi, ukanipa maji fulani machungu nikasukutua, nikapona. Ulikuwa mti gani? Nitumie, nakupigia magoti.

Mumeo asiyeweza kula hata mtori wa vuguvugu,
Luqmani


Kinole
22 Januari 2025

Mume wangu kijana,

Marahaba. Na ndiyo, niliijibu kwa sauti. Pili alisikia, na jirani pia.

Huku kwema. Goti langu linanisumbua likijisikia. Mdogo wangu Salum amevuna iliki yake na sasa anatembea katikati ya njia kama diwani. Paa la jiko linavuja palepale unapopajua. Sufuria nimeiweka chini ya tundu na tumezoeana.

Habari ya mdomo wako imenikosesha raha, lakini ya shela imenirudishia. Dawa unayoikumbuka naijua. Ni majani. Mti wake uko ng'ambo ya mto kwa Mzee Stambuli, mgane aliyestaafu kazi kiwandani Mzinga akarudi kulima mdalasini. Nimevuka nikamwomba. Akanikaribisha uji. Nikakataa. Halafu nikanywa, maana ulikuwa umeshamiminwa.

Majani ninayokutumia kwa Pili yaoshe, yachemshe mpaka maji yawe na rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, yaache yapoe kabisa, tia chumvi kidogo sana, sukutua asubuhi na jioni, tema. Usimeze. Pilipili usiguse, nanasi usiguse, ndimu usiitazame. Mzee Stambuli anasema vidonda visipofunga urudi hospitali, yeye si Mungu. Ana kauli ya kistaarabu yule mzee. Sikuwa najua.

Sasa sikiliza vizuri. Usiniandikie asante. Mjini mnasema asante hata kwa konda aliyewakanyaga, lakini dawa kwetu haishukuriwi. Ukiishukuru inaona kazi imekwisha, inalala. Mimi mwenyewe sikumshukuru Mzee Stambuli. Nilimtazama tu, nikageuka, nikaondoka. Nadhani nilimtazama vizuri.

Na hiyo chai gani iliyochoma fizi, ulimi na mdomo wa juu, koo ikaliruka?

Mkeo wa kwanza, na ninavyokujua, wa mwisho,
Mwanahawa


Kilakala
4 Februari 2025

Mke wangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu, vifaranga wanakusalimu.

Kuhusu ile kazi uliyonituma ya kusukutua, sisemi lile neno. Nasema tu kwamba juzi nimekula wali wa nazi, nikaufuta mpaka sufuria. Ulimi umetulia, fizi zimeacha kuwaka. Mdomo wa juu ndio bado mkaidi, kauchukua ukoo wa mama.

Lakini Bibi, nina swali. Nilipofungua kile kifurushi nikanusa. Nikaenda kumwonyesha mwenye nyumba, naye akanusa. Haya ni majani ya mpera! Mpera! Uko mpera mkubwa nyuma ya jiko lako, ndio ule nilioupanda nikaanguka, nikavunjika mkono, ukanichapa kwanza ndipo ukanipeleka hospitali. Sasa kwa nini mtu mwenye goti lililokuwa linamsumbua avuke mto, apande kile kilima cha utelezi, akaombe majani aliyonayo mlangoni?

Nauliza tu. Maana Dada Pili amepita hapa na ndizi zake, akaniambia siku ya kuchuma majani ulivaa kanga mpya na wanja. Sijui tangu lini mpera unachumwa kwa wanja.

Mumeo mwenye macho,
Luqmani


Kinole
13 Februari 2025

Wewe mtoto,

Marahaba, ingawa hustahili.

Paa bado linavuja. Goti limepata nafuu kidogo kwa sababu nalizoesha njia. Salum ameuza iliki, hela ameshazila, ameacha kutembea katikati.

Mpera wa kwangu ni mweupe. Ule wa Mzee Stambuli ni mwekundu ndani. Tunda jeupe la kula, tunda jekundu la dawa. Kila mtu anajua hivyo, muulize yeyote, ila usimuulize Mzee Stambuli, atakuchosha kwa maelezo. Kanga haikuwa mpya, ilikuwa imekunjwa muda mrefu. Na wanja ni sunna.

Sasa tuje kwako, mume wangu mwenye macho. Huyo Pili unayemfanya mpelelezi wako ni mchuuzi, anauza pande zote mbili. Mimi nimempa mkungu wa ndizi mzuzu, akanieleza habari za chai yako. Chai iliyouzwa stendi! Na mtu mwenye begi! Ikiwa unga mweupe kwenye kikopo, wa kung'arisha meno, unasugua, unaacha, unaamka una meno kama nyota. Luqmani! Uliacha usiku kucha! Nimecheka mpaka kuku wakatoka jikoni. Na unajua zaidi kilichonichekesha? Jina la aliyekufanya utake meno meupe. Sabra. Binti anayekaa barazani akidarizi kofia, mkabala na mahali Chereko Bendi mnapofanyia mazoezi. Pili humpelekea ndizi kila Jumanne. Anasema binti mwenyewe hajawahi kuyatazama meno yako. Anasema anapenda tarumbeta.

Basi tumejuana. Nimekutumia majani mengine, mabichi kuliko yale. Mzee Stambuli ameyachuma mwenyewe, mimi nilishika kikapu tu. Sukutua, na usipulize mpaka pafunge. Meno yako yalikuwa mazuri tangu mwanzo, ni ya kwangu hayo.

Mkeo asiyepaka kitu chochote menoni,
Mwanahawa


Kilakala
24 Februari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeumbuka. Dada Pili nikimwona nanunua ndizi zake zote ili anyamaze, lakini hanyamazi, anachukua hela na kuendelea.

Mama nimemficha, nawe mfiche, nakuomba. Akijua habari za kikopo atashuka kutoka Turiani na mwiko.

Mdomo umefunga, Bibi! Umebaki wekundu kidogo. Mikaeli amenitazama kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa, akasema subiri Idi. Erick amenuna. Nasubiri, lakini vidole vyangu vinapuliza peke yao, nikikaa mezani vinabonyeza sahani.

Sasa nimefikiri sana. Neno lile umelikataza, nami sitalisema wala sitaliandika. Lakini mtu hawezi kuchumiwa majani na mzee wa watu kila wiki akakaa kimya kama gogo. Kwa hiyo ndani ya mfuko huu kuna kofia ya mkono. Ya Mzee Stambuli. Mpe tu, usimwambie chochote. Kofia haisemi, kwa hiyo dawa haitasikia. Ramadhani hiyo inaingia, aivae akienda tarawehe.

Ukiuliza nimeinunua kwa nani, sijibu. Nitakwambia tu kwamba aliyeidarizi aliniuliza kichwa cha huyo mzee kikoje, nami simjui, nikamwonyesha kwa mikono, akacheka. Alicheka sana, Bibi. Nilikaa pale mpaka adhana.

Mumeo,
Luqmani


Kinole
7 Machi 2025

Luqmani,

Umefanya nini?

Sina nafasi ya salamu. Sawa, marahaba. Paa linavuja. Umefanya nini wewe mtoto?

Nilimpelekea Mzee Stambuli kofia jana, jioni, pamoja na tambi za futari, maana nilikuwa nimepika nyingi. Nikampa kama ulivyosema, bila neno. Akafungua. Akaitazama. Akaigeuza ndani na nje. Watu tumefuturu, yeye bado anaitazama. Mwishowe akasema, na nakunukulia sawasawa: "Mwanahawa, huyu mjukuu wako umemlea vizuri, anajua dawa haishukuriwi. Kwa hiyo hii si shukrani." Nikasema si shukrani hata kidogo. Akasema, "Basi kama si shukrani ni kitu kingine. Huyu kijana anakuita mkewe, Kinole nzima inajua. Mume akimvika mwanamume mwingine kofia, maana yake nini?" Nikamwambia maana yake mume ni mjinga. Akasema, "Hapana. Amenipisha."

Halafu akaivaa! Ikamkaa barabara, kama aliyeishona alimpima.

Na baada ya hapo akasema jambo. Sitaliandika jambo lenyewe. Ni jambo ambalo watu husema wakiwa na washenga, na yeye alilisema na kijiko mkononi.

Nimevuka mto na viatu mguuni. Sahani zangu nimeziacha huko. Nimefika nyumbani nikapika chai, nikasahau majani.

Sasa wewe ndiye uliyelikoroga. Niandikie haraka kwamba kofia ilikuwa kosa. Au niandikie kwamba haikuwa kosa. Sijasema nataka. Sijasema sitaki. Nimemwambia nitajibu mume wangu atakapojibu, na yeye amekubali, amekaa huko anangoja na kofia kichwani.

Andika!
Mwanahawa


Kilakala
11 Machi 2025

Mke wangu mtoro,

Shikamoo! Shikamoo na za watu wote wa Kilakala, maana barua yako nimeisoma barazani kwa mwenye nyumba na nilipofika kwenye kijiko nilipiga ukelele mtaa ukasimama.

Kwanza habari mbaya, uimalize. Nilipomaliza kusoma nilikimbia mpaka kwa Mikaeli, tarumbeta lilikuwa limetundikwa ukutani, nikalishusha kabla hajanizuia, nikapuliza ule wimbo wa kumwingiza bwana harusi. Bibi, nilipuliza! Nusu ya wimbo ilikuwa ya peponi. Halafu mdomo ukapasuka. Damu mpaka kwenye fulana. Mikaeli ameninyang'anya tarumbeta, amelifungia kabatini, amesema nikiligusa tena kabla ya Idi nisirudi. Nimerudi kwenye mtori. Nasukutua baada ya futari na baada ya daku.

Sasa jibu langu. Wewe unadhani mwanamume mzima anaachia mke hivihivi tu? Kwa kofia niliyonunua mwenyewe? Mwambie Mzee Stambuli kwamba mume bado anafikiri. Mwambie mume anataka kujua kama anakoroma. Mwambie mume ana wivu, ana panga, na hajalipwa fidia. Akae hukohuko na kofia yake, aive kidogo.

Mumeo halali,
Luqmani


Kinole
24 Machi 2025

Luqmani mjukuu wangu,

Barua yako imefika juzi. Mvua imekata barabara, Pili alikwama huko chini, amepanda kwa miguu na barua ndani ya mfuko wa sukari. Nimeisoma ikiwa imelowa, nimecheka, halafu nimelia, halafu nimecheka tena.

Hujui siku hizi zote nilikuwa na hali gani. Kila nikisikia mtu anapanda njia natoka nje. Nikadhani umeona aibu. Nikadhani umesema moyoni, bibi kizee mwenye goti, meno ya kuhesabika, anataka bwana. Nikadhani umemwambia mama yako na mmekaa mnanisikitikia. Nilijitazama kwenye kioo, nikakigeuza kikatazama ukuta. Kwa hiyo utani wako ni mtamu, lakini umechelewa njiani na umeniumiza. Usinifanyie tena hivyo.

Sasa nakwambia ukweli, mara moja, na usinikumbushe kamwe. Mpera wangu mweupe unafaa vilevile. Ndio niliokutibu nao ulipokuwa darasa la tatu. Nilijua, na Mzee Stambuli alijua kwamba najua, kwa sababu mpera wenyewe unaonekana kutoka barazani kwake. Hajauliza hata siku moja. Kila nikienda anasema, "Umekuja kuchuma?" Nami nasema, "Nimekuja kuchuma." Tangu babu yako aondoke napika chai kwenye sufuria ndogo kabisa, Luqmani, na bado inabaki. Nilipopata barua yako ya kwanza nilikuhurumia, wallahi nilikuhurumia, na papo hapo nikawaza: sasa nina sababu ya kuvuka.

Basi nataka. Nimeandika. Wino haufutiki.

Mama yako nimempigia jana kutoka kule kwenye jiwe kwenye mtandao. Alicheka mpaka simu ikamponyoka, akasema ni Mungu. Salum atasimama walii wangu na ameanza tena kutembea katikati ya njia. Mzee Stambuli atahamia kwangu, shamba la ukoo wetu siliachi kwa ajili ya mwanamume yeyote, hata awe na kichwa kizuri cha kofia. Mahari nimetaja mche wa mpera mwekundu, upandwe pembeni ya ule mweupe, nisivuke tena na goti hili. Amesema nimemwonea huruma.

Siku ni Jumamosi, tarehe 26 Aprili. Na sharti ni moja. Sitaingizwa ukumbini na Erick. Nimeishi miaka yote hii, nikaolewe kwa sauti inayoitikiwa na mbuzi? Kama mdomo wako haujapona, harusi haipo, Mzee Stambuli abaki kwake na mimi kwangu, na sitanii. Nimemwambia hivyo na yeye amekwea mpera mwenyewe, kwa umri ule, kukuchumia majani ya juu kabisa. Pili anayo. Sukutua, Luqmani! Usipulize, usicheke sana, usile kitu kikali, usiende kwa yule binti ukatabasamu mpaka pakapasuka. Raha yangu yote sasa iko kwenye mdomo wako.

Bibi yako,
Mwanahawa


Kilakala
4 Aprili 2025

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Kwanza nisamehe. Niliandika kwa kucheka, sikufikiri kwamba barua nayo inaweza kukwama kwenye tope ukabaki unangoja. Aibu? Mimi nione aibu nawe? Nimemwambia kila mtu. Nimemwambia mpaka muuza kahawa. Nimekuwa maarufu kuliko nilipokuwa napuliza.

Sasa kaa chini.

Jana Mikaeli alinipeleka uwanjani mbele ya bendi nzima, akafungua kabati lake la maneno, akanionya mpaka jasho likanitoka. Halafu akanipa tarumbeta. Erick alisimama pembeni amekunja mikono. Niliuweka mdomo polepole, nikaogopa, nikakumbuka mzee wa watu juu ya mpera. Nikapuliza. Bibi, nilipuliza wimbo mzima! Nikaurudia, nikaupandisha juu kabisa pale ninapopapenda. Mbuzi hawakuitika. Watu ndio walioitika, wanawake wa barazani wakapiga vigelegele. Mikaeli alinichungulia mdomoni kwa tochi, akasema, "Kavu." Tarumbeta limerudi kwangu. Erick amenipa mkono, amechukua matoazi, na yuko vizuri sana kwenye matoazi.

Kwa hiyo tunakuja. Wote. Nimewaambia barabara ikiwa imekatika tutapanda kwa miguu na ngoma kichwani, wamekubali, Mikaeli amesema harusi ya bibi haikosi. Sabra naye anakuja na mama yake. Anasema anataka kukiona kichwa kilichovaa kofia yake. Nilitabasamu, na hapakupasuka.

Na hili ndilo jibu la mume, umsomee Mzee Stambuli kwa sauti. Mimi Luqmani, mwenye akili zangu, leo namwachia mke wangu Mwanahawa, mkali, mwongo wa mipera, mpishi wa tambi, ambaye sijawahi kumshinda kwa neno hata moja. Sidai fidia. Ninachodai ni kwamba chai ipikwe kwenye sufuria kubwa. Na ile kofia haikuwa kosa.

Aliyekuwa mumeo, sasa mjukuu wako tu,
Luqmani


Kinole
6 Mei 2025

Mjukuu wangu Luqmani,

Marahaba. Mzee Stambuli anakujibu naye marahaba, amekaa hapa ananitazama ninavyoandika na kunisahihisha, nimemwambia akatazame paa. Ameliziba. Mvua ikinyesha sasa kimya, nimekosa usingizi siku za kwanza kwa kuikosa sauti ya sufuria.

Watu wa Kinole bado wanasimulia. Wanasema walisikia kitu chini ya bonde kabla hawajaona mtu, wakadhani ni lori, halafu likatokea tarumbeta kwenye kona ya migomba na wewe nyuma yake, tope mpaka kiunoni, mashavu yamejaa. Mimi nilikuwa ndani ninavalishwa. Niliinuka kabla hawajamaliza. Waliniambia bibi harusi hatoki mpaka aitwe, nikawaambia ameshaniita huyo. Nimecheza, Luqmani! Goti lilicheza. Mzee Stambuli alisimama pale na kofia yake, alisahau hata pa kuweka mikono. Na ulipoupandisha ule wimbo juu kabisa nilikutazama mdomo tu, nikawa nasema moyoni usipasuke, usipasuke, na haukupasuka.

Huyo Sabra nimemwona. Alikuwa akikutazama mkono mdomoni. Nimempa mapera ya pande zote mbili, meupe na mekundu, akayala yote. Mlete tena.

Mche wa mahari umeshika. Umetoa majani mawili. Mzee Stambuli anaumwagilia asubuhi na mvua yote hii, nimeacha kumkataza. Chai tunapika kwenye ile sufuria kubwa, na haibaki.

Unangoja neno moja, najua, maana hata mimi lilinifika mdomoni mlipokuwa mnashuka na ngoma zenu, nikalimeza. Sitakwambia. Umekuja na vidonda vyako Januari, ukanitoa ndani ya nyumba hii nilimokuwa nimekaa peke yangu, ukanivusha mto. Dawa yangu ulikuwa wewe, Luqmani. Na dawa, nilikwambia tangu mwanzo.

Nimekutazama tu, nikageuka.

Bibi yako,
Mwanahawa